Futi za Ujazo 72

Kazi yangu ni kubishana kuhusu vipimo. Niko kwa wakala mmoja wa usafirishaji Kariakoo, kati ya wengi wanaokusanya mizigo ya wafanyabiashara kule Guangzhou, wakaijaza kwenye kontena moja, kisha wakaigawa ikishafika Dar es Salaam. Mzigo wa ndege tunautoza kwa kilo. Mzigo wa meli tunautoza kwa CBM, yaani mita za ujazo: urefu mara upana mara kimo. Boksi la maua ya plastiki na boksi la vikombe vya udongo, kama yanalingana kwa umbo, nauli yake ni moja. Kinachouzwa si uzito. Ni nafasi.

Wateja wazoefu wanalijua hilo kuliko sisi. Kuna mama mmoja, muuza vyombo, ambaye hajawahi kuleta sufuria tupu. Ndani ya sufuria kubwa kuna ndogo, ndani ya ndogo kuna vikombe, ndani ya vikombe kuna vijiko vilivyofungwa kwa mpira. Siku niliyomwonyesha hesabu ya mzigo wake wa makochi alishika kiuno. "Mdogo wangu, sasa mnanilipisha na hewa?" Nikamwambia ndiyo dada, hewa ya chini ya kochi nayo imesafiri. Mzigo uliofuata makochi yalikuja bila miguu, miguu imewekwa ndani ya mito.

Nilidhani huu ni ujanja wa Kariakoo. Kumbe zaidi ya miaka 100 iliyopita ujanja wa namna hiyohiyo ulifanywa kwa meli nzima, ya chuma, yenye boila na injini ya mvuke. Tena si meli moja. Ni zaidi ya 170.

Nilikutana nayo nikitafuta kitu kingine. Katika ukoo wa mama yangu kuna mtu aliyeondoka Unguja na "meli ya makaa" na hakurudi. Alikuwa kaka yake babu wa mama. Habari zake zote zinaishia hapo: aliondoka, alikuwa kijana, kazi yake ilikuwa kuchochea moto. Haishangazi. Enzi za meli za mvuke vijana wengi wa pwani yetu walichukuliwa kufanya kazi za majini na za chini kwenye vyumba vya moto, wakibeba makaa kwa koleo katika joto ambalo mabaharia wengine walilikimbia. Waingereza waliwaita "seedies". Katika vitabu vya jeshi lao la majini baadhi yao hawakuandikwa hata majina waliyopewa na wazazi wao, bali majina ya mzaha ya Kiingereza. Mtu anayemtafuta ndugu yake humo anamtafuta mtu aliyefunikwa uso.

Kwa hiyo nilikuwa napekua meli. Na meli, tofauti na watu, zimeandikwa vizuri. Ukijua jina la meli ya mwaka 1900 unaweza kupata nani aliijenga, wapi, urefu wake, upana wake, nguvu za injini, na tani zake za rejista. Siku moja, katikati ya kupekua huko, ikatokea picha ya meli ambayo nilidhani imeharibiwa na kamera. Ubavu wake ulipanda kutoka majini kama wa meli yoyote, kisha ghafla ukajikunja kwenda ndani, ukafanya kama baraza nyembamba pembeni, halafu ukapanda tena wima hadi kwenye sitaha iliyokuwa nyembamba mno kwa meli ya ukubwa ule. Ukiikata katikati na kuitazama kwa mbele, ni mtungi: tumbo pana, mabega ya mviringo, shingo.

Ziliitwa "turret ships", meli za mnara. Shingo ile, iliyokwenda toka omo hadi tezi, ndiyo mnara wenyewe.

Babu yao alizaliwa mbali na bahari. Alexander McDougall, Mskoti aliyekuwa nahodha katika Maziwa Makuu ya Marekani, aliunda tishari lenye mgongo wa mviringo ambao mawimbi yangepita juu yake badala ya kuugonga. La kwanza lilishushwa majini mwaka 1888. Watu waliziita meli zake migongo ya nyangumi. Wengine, kwa sababu ya omo iliyochomoza kama pua, waliziita meli za nguruwe. Zilijengwa zaidi ya 40. Mwaka 1891 mojawapo, Charles W. Wetmore, ilitoka maziwani, ikateremka mto St. Lawrence na kuvuka Atlantiki hadi Liverpool na shehena ya nafaka. Wajenzi wa meli wa Uingereza walikuja kuitazama.

Miongoni mwa waliovutiwa walikuwa Doxford, wajenzi wa Sunderland. Walichukua wazo la mgongo wa mviringo wakaliongezea shingo. Meli yao ya kwanza ya aina hiyo ilitoka mwaka 1892, nayo waliiita Turret. Kampuni ya Clan Line pekee ilinunua 30. Clan Line ni jina ambalo wazee wa bandari ya Mombasa wanalikumbuka, kwa sababu meli zake ziliendelea kuja huko hata katikati ya karne ya 20, japo wakati huo zilikuwa zimeshakuwa na maumbo ya kawaida.

Kwa nini mtu anunue meli yenye umbo la mtungi? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi, nayo ni nzuri. Nafaka inayomwagwa ngamani bila magunia ina tabia mbaya: safarini inatulia, inaacha uwazi juu, halafu meli ikiyumba nafaka yote inahamia upande mmoja. Ndani ya meli ya mnara nafaka ilijaa tumbo zima na kupanda hadi shingoni. Ikitulia, uwazi unatokea shingoni tu, mahali pembamba, ambapo haina nafasi ya kuhama sana. Mtu yeyote aliyejaza mchele kwenye chupa ya maji ataelewa. Tena kona zile za ubavu ziliipa meli uimara kwa urefu wake, na chuma kilichotumika kilikuwa kidogo kwa mzigo uliobebwa.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya nicheke peke yangu ofisini. Meli haikutozwa kwa uzito. Ilitozwa kwa nafasi.

Neno tani, katika rejista ya meli, halina uhusiano na kilo. Asili yake ni mapipa ya mvinyo ambayo meli ingeweza kubeba. Baadaye Waingereza waliliwekea hesabu kamili: tani moja ya rejista ni futi za ujazo 100, yaani kama CBM 2.83 za kwetu. Unapima nafasi yote iliyofunikwa ndani ya meli, unapata tani za jumla. Unatoa nafasi zisizoingiza fedha, kama chumba cha injini na vyumba vya kulala mabaharia, unapata tani halisi. Ada nyingi za bandari, na ushuru wa kupita Mfereji wa Suez, zilifuata tani halisi. Mfereji ulifunguliwa mwaka 1869, na kwa kampuni iliyopeleka meli India kila mwezi ushuru ule haukuwa kitu kidogo.

Kanuni za upimaji zilitungwa na watu waliokuwa na meli za kawaida vichwani mwao, zenye ubavu ulionyooka na sitaha pana. Mtungi wa Doxford ulipopimwa kwa kanuni zile ulionekana mdogo kuliko ulivyokuwa. Ulibeba uzito wa meli kubwa na kulipa ushuru wa meli ndogo. Hapakuwa na udanganyifu wowote. Kila inchi ilipimwa kwa haki, na kila karatasi ilikuwa halali. Ni sufuria ndani ya sufuria, ila safari hii sufuria zenyewe zilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100.

Nilimpenda huyo mchoraji. Nakiri sikujali jina lake, nilipenda akili yake: mtu aliyesoma kanuni kwa makini kuliko waliozitunga, halafu akazigeuza kuwa chuma. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nawaonyesha wenzangu picha. Tulisema hapa Kariakoo angetajirika.

Ila kila umbo lina inacholipia. Fikiria ngalawa. Mbao mbili zinazoelea pembeni ndizo zinazoizuia isipinduke: ikiinama kulia, ubao wa kulia unazama kidogo, maji yanausukuma juu, ngalawa inarudi. Meli kubwa haina mbao hizo, inategemea ubavu wake. Ikiinama, sehemu ya ubavu iliyokuwa juu inaingia majini, na ule upana mpya ndio unaoinyanyua. Sasa meli ya mnara ikiinama kidogo, hakuna tatizo, tumbo lipo. Ikiinama zaidi, hadi lile baraza la pembeni likazama, maji yanakuta bega la mviringo na shingo iliyorudi ndani. Upana wa kuinyanyua haupo. Ulikatwa.

Meli ya namna hiyo ikipakiwa vizuri ilikwenda salama, na nyingi zilikwenda salama miaka mingi. Ila ilihitaji uzito ukae chini. Haikuwa na huruma kwa aliyerundika vitu juu.

Tarehe 31 Januari 1909 meli ya mnara ya Clan Line iitwayo Clan Ranald, iliyojengwa na Doxford mwaka 1900, iliondoka Port Adelaide, Australia Kusini, ikiwa na shehena ya ngano na unga. Makaa ya safari yalikuwa mengi, na sehemu yake ilirundikwa juu, kwenye sitaha ya mnara. Ilikuwa na watu 64. Mchana huohuo iliinama ubavu na haikurudi. Ilikaa hivyo kwa saa nyingi, imelala, watu wakiwa wameng'ang'ania upande uliobaki juu, ikisukumwa kuelekea Troubridge, karibu na mji mdogo wa Edithburgh. Usiku ikapinduka kabisa. Wakazi wa Edithburgh walitoka gizani kuwaokoa waliofika ufukweni. Walipona 24. Walikufa 40.

Nilisoma idadi hizo mara ya kwanza kama mtu anayesoma habari za ajali ya zamani. Kisha nikasoma ni akina nani. Maofisa walikuwa Wazungu wachache. Waliobaki, walio wengi, walikuwa mabaharia wa Asia, ambao Waingereza waliwaita "lascars".

Neno hilo ukilitamka kwa Kiswahili, laskari, unasikia kitu unachokijua. Wanaisimu wengi wanasema linatoka kwenye neno la Kiajemi lenye maana ya jeshi, na kwamba neno hilohilo likipitia Kiarabu ndilo lililotupa sisi askari. Ni watu wa jina moja, basi, wale waliobeba bunduki za wengine bara na wale waliobeba makaa ya wengine baharini. Laskari walitoka hasa Bara Hindi, lakini mkataba wao, mshahara wao mdogo, na kazi yao ya motoni vilikuwa vya familia moja na vya vijana waliotoka pwani yetu.

Miili ya laskari iliyookotwa Edithburgh ilizikwa pamoja, katika kaburi moja. Na walionusurika, hao waliokuwa wameshika chuma kwa saa nyingi, walikutana na sheria. Australia ilikuwa na sheria ya uhamiaji ya mwaka 1901, iliyotungwa kuwazuia wasio Wazungu bila kusema hivyo waziwazi. Haikutaja rangi. Ilitaja imla: ofisa angeweza kumsomea mgeni maneno 50 katika lugha ya Ulaya, naye ayaandike. Akishindwa, ni mhamiaji haramu. Laskari wa Clan Ranald walipewa imla. Walishindwa, kama ilivyokusudiwa, wakasafirishwa kuondoka nchini.

Hapo ndipo kicheko changu kuhusu mchoraji wa Sunderland kilipoisha. Imla ile ni ndugu wa mtungi ule. Zote mbili ni karatasi halali. Zote mbili zinatokana na mtu mwerevu aliyetazama kanuni, akaona pengo kati ya kinachopimwa na kilichopo, akapita hapo. Tofauti ni kwamba wa kwanza alikuwa anaukwepa ushuru, na wa pili alikuwa anawafukuza watu waliokuwa bado wanakohoa maji ya chumvi.

Nikarudi kwenye vipimo, kwa sababu ndicho ninachokijua. Nilitaka kuona laskari alipimwaje. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1894 ilitaka kila baharia apewe nafasi ya kulala isiyopungua futi za ujazo 72. Mwaka 1906 sheria mpya ikaona hazitoshi, ikapandisha hadi 120. Nyongeza hiyo haikuwahusu laskari. Kwenye meli za laskari mwenye meli hakulazimika kuikata ngama yake ili kuwapa hewa zaidi.

Futi 72 ni chumba cha urefu wa futi 6, kimo futi 6, upana futi 2. Nimezigeuza kwenda kipimo changu: ni CBM 2.04. Haifiki hata robo tatu ya tani moja ya rejista. Futi 120 ni CBM 3.40. Nimepima mizigo ya ukubwa huo mara nyingi. CBM 2 ni makochi ya sebule moja, yakiwa na miguu.

Kwa hiyo kulikuwa na watu katika ofisi fulani waliokaa na kukubaliana kwamba mwanadamu anahitaji 120. Hawakuwa wanabahatisha, walikuwa wameshajua kwamba 72 ni ndogo, ndiyo maana walizibadilisha. Halafu wakaandika nani asihesabiwe. Ninapofikiria ukatili wa dola ile, huwa nafikiria mijeledi na bunduki. Sikuwahi kufikiria tofauti ya CBM 1.36, ikizidishwa kwa kila mtu, ikizidishwa kwa kila meli, ikigeuka ngano.

Na kanuni hubadilika, hilo nalo meli hizi zinalionyesha vizuri kuliko mahubiri. Mwaka 1911 upimaji wa Mfereji wa Suez ulirekebishwa, na faida ya mtungi ikatoweka. Bahari haikuwa imebadilika, nafaka haikuwa imebadilika, chuma kilikuwa kilekile. Meli ya mwisho ya mnara ilitoka Doxford mwaka huohuo. Karibu miaka 20 ya umbo ambalo watu walidhani ni la baadaye, ikafungwa kwa kalamu. Ya Clan Ranald iko chini ya maji karibu na Troubridge, na wazamiaji huenda kuitazama. Ya McDougall imebaki moja, Meteor ya mwaka 1896, ambayo sasa ni makumbusho katika mji wa Superior, Wisconsin. Mtu anaweza kununua tiketi na kugusa mgongo wa nyangumi.

Ndugu yetu sikumpata. Sina sababu yoyote ya kusema alikuwa ndani ya Clan Ranald au meli yoyote ya mnara. Nimejua tu vipimo vya dunia aliyoingia aliposhuka ngazi kwenda kwenye moto. Nilimweleza mama haya yote jioni moja ya Ijumaa kwa simu, nikamwambia kuhusu mtungi, ushuru, makaa ya juu, imla, kaburi la pamoja. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Hao waliozikwa pamoja," akauliza, "walikuwa Waislamu?"

Nikasema baadhi yao lazima walikuwa, laskari wengi walikuwa Waislamu.

"Walioshwa?"

Nikasema sijui, mama. Ilikuwa 1909, Australia.

Akanyamaza kidogo. Kila Shaaban nyumbani kwetu huwa tunasoma hitima ya ukoo, na huyo aliyekwenda na meli ya makaa husomewa kwa maneno "na aliyepotelea safarini", kwa kuwa hakuna kaburi la kutaja. Nilimsikia mama akimwita mdogo wangu amletee kalamu.

"Niambie hiyo meli inaitwaje," akasema. "Taratibu. Niandikie herufi moja moja."